Bili ya Nasari Isiyomjua Mama

Mtoto aliyezaliwa na arosto, yaani mateso ya kukatikiwa na dawa za kulevya, hutambulika kwanza kwa kilio. Ni kilio chembamba, cha juu, kisichonyamaza hata akiwekwa kwenye titi. Mikono inatetemeka, mwili umekakamaa, anapiga chafya mfululizo, ananyonya kwa pupa kisha anatapika, na mashavu yanachubuka kwa kujisugua kwenye shuka. Kama mama alikuwa anatumia heroini, dalili hizi kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kama alikuwa kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, zinaweza kuchelewa karibu wiki. Miezi tisa mwili wa mtoto umezoea dawa inayopita kwenye kondo la nyuma, na siku kitovu kinapokatwa, dawa nayo inakatika ghafla.

Mtoto huyu wapo wanaodhani ni wa Mombasa na Malindi tu. Sivyo. Unga, yaani heroini, umefika Nakuru na Kisumu muda mrefu, na tramadoli, dawa kali ya maumivu, inauzwa kwenye maduka ya dawa ya mitaani bila cheti cha daktari. Akizaliwa hospitali ya kaunti hupelekwa nasari, wodi ya watoto wachanga wanaohitaji uangalizi, na hapo hesabu ya bili huanza. Bili hiyo, jinsi inavyopangwa leo, inalipia mambo mengi yasiyomtibu mtoto huyu, na inamwacha nje mtu ambaye ndiye tiba yake kubwa kuliko zote, yaani mama yake.

Tuanze na jinsi ugonjwa unavyoandikwa, kwa sababu bili hufuata kilichoandikwa. Mtoto mchanga mwenye joto, anayetetemeka na asiyenyonya vizuri, muuguzi yeyote atamfikiria kwanza kuwa na maambukizi ya damu, sukari iliyoshuka, au madhara ya kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ana haki kabisa ya kufikiria hivyo. Maambukizi ya damu yanaweza kumuua mtoto mchanga kwa saa chache, na mwongozo wa kitaifa wa kutibu watoto unamwelekeza aanze penisilini na jentamaisini mara moja. Basi mshipa unatafutwa, dripu inatundikwa, damu inatolewa ikapimwe, na kila kimoja kinapata mstari wake kwenye bili. Siku ya nne mtoto bado analia vilevile. Dawa inabadilishwa, inaletwa ya bei zaidi, na mistari inaongezeka. Hakuna aliyekosa kazi yake hapo. Kilichokosekana ni habari moja tu: mama alikuwa anatumia nini.

Habari hiyo haitoki maabara kwa urahisi. Kipimo cha mkojo kinaweza kusaidia, lakini kuna dawa zisizoonekana humo na nyingine hupotea haraka. Chombo kikuu cha uchunguzi ni kinywa cha mama mwenyewe, na mama huyo amefundishwa na maisha kunyamaza. Anajua polisi wanavyowatendea watu wa unga. Anajua mama mkwe yuko kwenye benchi nje ya wodi anasikiliza. Ameshawahi kumsikia mtu akisema kwa sauti kwamba mwanamke wa namna hiyo hastahili kuachiwa mtoto. Sista akimuuliza mbele ya wenzake kumi, "Mama, ulikuwa unatumia dawa yoyote?" jibu ni vidonge vya kuongeza damu, basi.

Marekani walijaribu njia ya kutisha. Mwaka 2014 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iliyoruhusu mama kushtakiwa kama mtoto wake amezaliwa akiwa ameathiriwa na dawa za kulevya. Madaktari walilalamika kwamba wanawake walikuwa wanakimbia kliniki, na mwaka 2016 sheria hiyo iliachwa ikaisha muda wake. Hospitali yoyote ya Kenya inayotaka kujua ukweli wa mtoto lazima kwanza impe mama mahali pa kusema bila kuadhibiwa. Jambo hilo lina uzito wa kifedha pia, maana kila siku ambayo ukweli haujulikani ni siku ya antibiotiki isiyohitajika.

Shirika la Afya Duniani limeupa ugonjwa huu msimbo wake, P96.1, katika toleo la kumi la orodha ya magonjwa. Ni msimbo wa mtoto. Unaeleza hali ya mtoto mchanga anayeachishwa dawa asiyoiomba, na unaweza kuandikwa kwenye fomu ya madai bila karani wa bima kupewa historia nzima ya mama. Ukiandikwa vizuri, mlipaji anajua analipia nini na kaunti inajua ina watoto wangapi wa namna hii. Usipoandikwa, wote wanaingia kwenye safu ya maambukizi, na mwaka ukiisha mkurugenzi wa afya anaambiwa eneo lake halina tatizo hilo.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Marekani ndiko zilikohesabiwa kwa kina zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2009 watoto waliogunduliwa na ugonjwa huu walipanda kutoka 1.20 hadi 3.39 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hospitalini, na wastani wa bili ya mtoto mmoja ukapanda kutoka dola 39,400 hadi dola 53,400. Mwaka 2009 zaidi ya robo tatu ya bili hizo zililipwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Bili ilikuwa kubwa hivyo hasa kwa sababu ya siku. Mtoto aliwekwa chumba cha wagonjwa mahututi, akatengwa na mama, akapewa alama kila baada ya saa chache kwa kutumia orodha ndefu ya dalili iliyotungwa miaka ya 1970, alama zikipanda anapewa mofini, dawa ya jamii moja na heroini, kisha mofini inapunguzwa taratibu mno kwa wiki kadhaa.

Hospitali ya watoto ya Yale, mjini New Haven, jimbo la Connecticut, iligeuza utaratibu huo. Badala ya orodha ndefu, waliuliza mambo matatu: mtoto anaweza kunyonya vya kutosha? Anaweza kulala saa nzima bila kukatizwa? Akilia, anaweza kubembelezwa akatulia ndani ya dakika kumi? Kama jibu ni ndiyo, hapewi dawa. Mtoto alitolewa kwenye chumba cha mahututi akalazwa na mama yake, taa zikapunguzwa, kelele zikakatazwa, akawekwa kifuani ngozi kwa ngozi, akanyonya kila alipotaka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Muda wa kulazwa ulishuka kutoka siku 22.4 hadi siku 5.9, waliopewa mofini walishuka kutoka asilimia 98 hadi 14, na gharama ya wastani ikashuka kutoka dola 44,824 hadi dola 10,289. Hiyo ilikuwa hospitali moja, na mtu ana haki ya kutilia shaka. Lakini mwaka 2023 jaribio kubwa lililohusisha hospitali 26 na watoto 1,305 lilipata mwelekeo uleule: watoto waliotunzwa kwa njia mpya walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya wastani wa siku 8.2, wenzao wa njia ya zamani siku 14.9.

Niliposoma takwimu hizo, kilichonishika ni jinsi tiba hiyo isivyohitaji mashine. Inahitaji chumba tulivu, titi, kifua, na mtu mwenye subira ya kumbembeleza mtoto saa tisa usiku. Nasari za Kenya zinajua habari hii kuliko wengi, maana ndizo zinazowafunga watoto njiti kwenye vifua vya mama zao kila siku. Muuguzi wa Kakamega au Bungoma hahitaji kufundishwa kangaruu na mtu wa Connecticut. Anachohitaji ni mama awepo.

Na mama hayupo, kwa sababu mpangilio wa bili haumhesabu.

Fikiria mama wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, aliyejifungua salama. Siku ya pili yeye mwenyewe anaruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto anabaki nasari. Kuanzia hapo kitanda chake kinahitajiwa na mwingine. Anaweza kubaki, lakini kwa benchi la korido, au kitanda cha kugawana na mama mwingine, na hospitali nyingine humtoza hela ya kulala na chakula kana kwamba ni mgeni. Kila baada ya saa tatu anaitwa kuja kunyonyesha au kukamua maziwa kwenye kikombe, kisha anatoka tena. Mtoto wa kawaida wa nasari huvumilia saa tatu hizo. Mtoto wa arosto ndiye asiyeweza, kwa kuwa anahitaji kushikwa wakati uleule anapoanza kulia, kabla kilio hakijawa tetemeko na tetemeko halijawa kutapika. Asiposhikwa dalili zinapanda, zikipanda anahitaji dawa, na akianza dawa siku zinaongezeka.

Kama mama yuko kwenye matibabu ya methadoni, kuna ugumu mwingine. Kenya ilianza tiba hiyo katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikafuata Pwani, kisha kaunti nyingine polepole. Ni tiba nzuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 unasema wazi kwamba mjamzito mwenye uraibu wa heroini apewe methadoni au buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, badala ya kuachishwa ghafla, na ahimizwe kunyonyesha. Lakini kwa kawaida dozi hunywewa kliniki kila siku, mbele ya mhudumu. Mtoto akiwa nasari ya hospitali moja na kliniki ikiwa kwingine, mama lazima atoke kila asubuhi, nauli ya matatu au boda mfukoni, aache titi nyuma. Akikosa nauli, anachagua kati ya dozi na mtoto. Akikosa dozi, arosto inampata yeye pia, na muuzaji wa unga yuko karibu kuliko kliniki. Nauli hiyo haimo kwenye bili yoyote. Wala hakuna mstari wa kumlipa mhudumu amletee dozi wodini, jambo ambalo lingechukua dakika chache.

Rudi sasa kwenye viwango vyetu. Viwango vya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, yaani bima ya afya ya taifa, vya mwaka 2024 vilipanga malipo ya kulazwa kwa siku: shilingi 3,360 kwa hospitali ya ngazi ya nne, 3,920 kwa ngazi ya tano na 4,480 kwa ngazi ya sita. Chukua ngazi ya tano na zile siku za jaribio la 2023. Mtoto aliyelazwa siku 15 ni shilingi 58,800. Aliyelazwa siku nane ni 31,360. Tofauti ni shilingi 27,440 kwa mtoto mmoja, na sidai kwamba Nakuru ingepata matokeo sawasawa na ya Marekani. Ninachosema ni kwamba kwa malipo ya siku, hospitali ikifanya vizuri inapoteza, ikichelewa inapata. Daktari hakai akipiga hesabu hiyo kando ya kitanda, sitaki kumsingizia. Ila msimamizi wa hospitali anaipiga mwisho wa mwezi, na akiombwa chumba cha mama na mtoto atauliza kinalipiwa na nani. Jibu la leo ni kwamba hakilipiwi na mtu.

Hata huko Marekani fomu za malipo zilichelewa kufuata tiba. Mwaka 2014 kituo cha Lily's Place kilifunguliwa Huntington, West Virginia, kuwatunza watoto wa namna hii nje ya hospitali, mahali tulivu na kwa gharama ndogo. Tatizo likawa malipo, kwa sababu orodha ya Medicaid haikuwa na aina ya kituo kama hicho. Ilibidi sheria ya taifa ibadilishwe, Oktoba 2018, ndipo majimbo yakaruhusiwa waziwazi kuvilipa vituo hivyo. Mtoto alishajulikana anahitaji nini. Kilichobaki nyuma ni karatasi.

Kwetu kuna tatizo linalotangulia hata viwango, nalo ni kama mama ameingia kwenye bima kabisa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, huduma za uzazi na za kulazwa ziko chini ya mfuko unaodai mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wake na kutakiwa kulipa ya mwaka mzima, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Zamani Linda Mama, mpango wa serikali wa uzazi wa bure, haikumdai mama mchango wowote. Sheria mpya inasema serikali iwalipie wasiojiweza, lakini mwanamke wa Nakuru anayelala mtaa wa Bondeni leo na Kaptembwo kesho, aliyepoteza kitambulisho chake na asiye na simu ya kudumu, yupo kwenye orodha ya nani? Anafika leba na uchungu, anajifungua, na jina lake halimo kwenye mfumo. Bili ya mtoto wake inakuwa ya pesa taslimu.

Hapo ndipo anatumwa kwa afisa wa ustawi wa jamii kuomba msamaha wa bili. Maafisa hawa wanafanya kazi kubwa na wengi wana huruma kweli. Lakini kwa kawaida ombi linataka barua ya chifu, na chifu ndiye aliyekuja na askari mtaani mwezi uliopita. Mama anahesabu. Akibaki, bili inapanda kila asubuhi. Akienda kwa chifu, anajianika. Akitoroka usiku na mtoto, mtoto anatoka akiwa bado anatetemeka, bila dozi ya kupunguziwa, bila kliniki ya kurudi. Akitoroka peke yake, magazeti yataandika kuhusu mama katili.

Kumzuilia ndani si jibu. Septemba 2015 Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuzuiliwa kwa kina mama wawili katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili kulivunja haki zao, mmoja akapewa fidia ya shilingi milioni 1.5 na mwingine 500,000. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya, na haisemi mtoto ambaye mama yake amelipa mwaka mzima. Miaka imepita tangu uamuzi huo, na bado kina mama wengi wanajua maana ya kuruhusiwa na daktari huku mlinzi wa geti akidai risiti.

Niseme kidogo kuhusu pombe, kwa sababu msomaji wa Magharibi mwa Kenya ataniuliza mbona nazungumzia unga wakati mtaani kwake ni chang'aa. Ana haki. Utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliiweka Magharibi mbele ya maeneo mengine yote kwa unywaji pombe. Lakini madhara ya pombe kwa mimba ni ya namna nyingine. Kwa kawaida hayaonekani kama tetemeko la wiki mbili nasarini. Yanakaa kwenye ubongo na ukuaji maisha yote, na bili yake inakuja darasani na kliniki za watoto miaka baadaye. Suala hilo linahitaji makala yake.

Pingamizi zito zaidi nalijua. SHA ina vita vya bili hewa, na mwaka 2025 wizara ilisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya kudai malipo ya wagonjwa wasiokuwepo. Ukifungua kifurushi kipya cha malipo ya mtoto na mama, si utafungua mlango mwingine wa wizi? Nadhani ni kinyume. Malipo ya siku ndiyo rahisi kuibiwa, maana kuongeza siku ni kuongeza namba tu. Kifurushi kinacholipa kiasi kimoja kwa mtoto kwa kipindi kizima kinafunga mlango huo, na ushahidi wake ni fomu ya ukurasa mmoja: amenyonya, amelala, ametulia, nani alikuwa naye, saa ngapi. Mkaguzi anaweza kuilinganisha na daftari la zamu la wauguzi. Kifurushi hicho kijumuishe kitanda na chakula cha mama hadi mtoto aruhusiwe, dozi ya methadoni iletwe wodini, na wiki za kufuatiliwa baada ya kutoka. Na mofini iwepo kwa mtoto anayeihitaji, kwa sababu wapo. Hata katika jaribio la 2023, karibu mtoto mmoja kati ya watano waliotunzwa kwa njia mpya alihitaji dawa, na kumnyima ili takwimu zipendeze ni ukatili.

Jopo la kushauri kuhusu vifurushi na viwango vya SHA ndilo lenye nafasi ya kuandika mstari huo. Litachukua muda. Lakini kuna hatua isiyolisubiri. Sheria ya mwaka 2023 ya fedha za kuboresha vituo vya afya inaziacha hospitali za umma za kaunti zibaki na mapato zinayokusanya na kuyapangia matumizi. Bodi ya hospitali ya Nakuru, Kisumu au Kakamega ina uwezo wa kuamua kwenye kikao kijacho kwamba mama ambaye mtoto wake yuko nasari hatozwi kitanda wala chakula, awe ametumia dawa au la. Kwa kuwa itawahusu wote, hakuna atakayetambulika kwa kupewa. Faili la mtoto tayari limeandikwa jina la mama, kwa sababu mtoto mwenyewe bado hana jina. Kinachotakiwa ni kitanda kando ya hilo faili, na agizo kwa ofisi ya bili kwamba hicho hakihesabiwi.